Picha Moja na Baba Mkwe

Juma lililopita niliwaacha nimechutama ndani ya jaruba la mpunga, maji yakinifika kiunoni, vyungu vya mama yangu vimevunjika njiani na mimi mwenyewe na tumbo langu la miezi saba tumejificha kwenye majani kama wezi wa kuku.

Aliyekuwa anapita njiani hakuwa simba. Alikuwa baba mkwe wangu.

Kwa aliyeanza kusoma leo, mimi naitwa Damari, binti wa wafinyanzi wa Ikombe, na nimeolewa Ikolo kwa Reubeni. Huko nilikoolewa, kwa Wanyakyusa, mke wa mtoto na baba wa mume hawaonani. Sisemi hawapendani, maana huenda wakapendana sana. Hawaonani tu. Akija kwa njia hii, mimi nashika ile. Akiingia kwa mlango wa mbele, mimi natoka kwa wa nyuma. Na jina lake silitaji, hata hapa gazetini ambako najua hasomi.

Ile ya jaruba ilikuwa mara ya pili. Mara ya kwanza tuligongana mlangoni pa kanisa, nikasamehewa kwa sababu kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Safari hii mama mkwe alinifuata jikoni nikiwa bado nachuruzika matope.

“Alikuona?”

“Aliona vyungu, mama. Mimi nilikuwa chini ya majani.”

“Sikukuuliza vyungu. Alikuona?”

“Labda kisogo.”

“Kisogo nacho ni mtu,” akasema mama mkwe. Jina lake Anyes, na akisema neno huwa hana haja ya kulirudia. “Sikiliza, mwanangu. Sisi si watu wabaya. Lakini nyumba hii ina heshima yake. Ikitokea tena, mkeka wako utaukuta kwenu Ikombe. Na huyo aliye tumboni atarudi kwetu akiacha kunyonya. Ni wetu.”

Mkeka waupeleke watakako, hata Nyasaland. Lakini mtoto! Nilikaa pale jikoni nikalishika tumbo kwa mikono miwili, kama kwamba wangekuja kulichukua jioni ile ile.

* * *

Sasa tuje kwenye mashua, maana balaa langu lilikuja kwa njia ya wema.

Dada yangu Milka alifia majini. Alishikwa na uchungu Ikombe, wakamtia mtumbwini wampeleke ng'ambo kwenye zahanati, upepo wa mwera ukawakuta katikati. Wapiga kasia walikuwa wawili, tena vijana wasiojua kuongoza mtumbwi kwenye mawimbi. Walifika na maiti wawili.

Kanisa likalia. Likamaliza kulia, likaunda kamati. Kamati ya Mashua ya Wagonjwa: tununue mashua ya injini, asife mwanamke mwingine. Wakamchagua mwenyekiti, nani? Mkwe wangu. Kamati ikakaa kikao, ikala kuku. Ikakaa tena, ikala kuku mwingine. Mashua haikuonekana, kuku wakaendelea kupungua.

Ndipo akavuka mto Songwe pale Kasumulu mpakani mtu mmoja anaitwa Lameck, kwao Nkhata Bay, na kamera yake ya miguu mitatu na kitambaa cheusi cha kujifunikia. Mwalimu Asajile, katibu wa kamati, akapata akili. Kila ukoo uje ufukweni upigwe picha, baba, mama, watoto na mabibi. Kiingilio ni mchele au vyungu, kamati iviuze, fedha ziende kwenye mashua.

Wenzangu, mngewaona watu wanavyopenda wagonjwa! Waliokuwa hawajatoa hata kikombe cha mpunga tangu Milka azikwe walikuja wakisukumana. Jirani mmoja, Zebedayo, alimtoa mama yake kitandani, ajuza wa watu, wakamkalisha mbele wakamwambia afumbue macho. Viatu vilikuwa jozi moja, vya Mwalimu Asajile. Ukizipanga picha zote leo, nyuso zinabadilika ila viatu ni vile vile.

Hakuna aliyeuliza mashua ni ya kiasi gani. Waliuliza picha itatoka lini.

* * *

Halafu akatokea Bibi mmoja wa Kizungu, mwenye kofia pana kama ungo. Akaziona picha, akapendezwa. Akasema atachagua moja aipeleke kwao Ulaya, na watu wa kwao wakiiona watatoa fedha za injini.

Mkutano ulifanyika uani kwetu. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa jikoni. Mkwe haonekani, lakini masikio hayajakatazwa.

“Bibi anasema,” Mwalimu Asajile akatafsiri, “picha iwe ya familia ya mwenyekiti.”

Mkwe wangu akakohoa. Nilimsikia akivuta kiti mbele. “Mwambie ndaga fijo, asante sana. Mwambie nina koti.”

“Anasema ipigwe kule kule Ikombe, maji yaonekane nyuma.”

“Hata Ikombe tutakwenda.”

“Na anasema lazima awepo mwanamke mjamzito. Mashua ni ya wajawazito. Watu wa kwao hawatoi mpaka waone tumbo.”

Katika nyumba ile palikuwa na tumbo moja tu, nalo lilikuwa nyuma ya ukuta limeshika mwiko.

“Tumbo hilo,” mkwe wangu akasema taratibu, “ni la nani?”

“La mke wa Reubeni, mzee.”

“Basi haiwezekani.”

“Bibi anasema bila tumbo hakuna injini.”

Nilidhani ataikataa picha. Jamani, nilikuwa bado simjui. Mtu anaweza kuikataa nyama, anaweza kuikataa pombe, lakini mtu wa kukataa uso wake kupelekwa Ulaya hajazaliwa Ikolo wala Kyela nzima.

“Asajile,” akasema. “Wewe umesoma. Tafuta njia.”

Mwalimu Asajile akaitafuta kama mtu aliyeangusha sindano. Akasema kuonana ni macho kwa macho. Mzee atakaa kitini mbele, anaitazama kamera. Mkwe atasimama nyuma, naye anaitazama kamera. Nani atamwona nani?

“Na wakati wa kuja?” mama mkwe akauliza.

“Mzee atafunikwa shuka kichwani mpaka mkwe asimame. Tukimaliza anafunikwa tena mpaka mkwe aondoke.”

“Na hiyo picha ikitoka? Si watakuwa wote wawili humo?”

Hapo akakwama kidogo. Kisha akasema, “Itashonewa pazia. Kipazia kidogo, kifunike upande wa mkwe. Mzee akitaka kujitazama, anajitazama upande wake.”

Nikaziba mdomo kwa kanga nisicheke. Picha yenye pazia! Lakini mwenyekiti alikubali. Akaongeza jambo moja la akili zake mwenyewe.

“Twende Jumamosi ya soko. Siku nyingine watu wa Ikombe watajazana kwenye picha yangu.”

Kumbukeni neno hilo. Mchuma janga hula na wa kwao, na mimi ndiye niliyekuwa wa kwao.

Jioni nilimwuliza mume wangu.

“Reubeni, wewe unasemaje?”

“Mimi nasema kama baba alivyosema.”

“Na kama kitu kikiharibika?”

“Kitaharibika nini? Ni picha tu, Damari. Unasimama, unanyamaza.”

Reubeni ni mume mwema. Hanipigi, hanywi. Lakini ukimwomba uamuzi, anakuletea wa baba yake.

* * *

Jumamosi tukavuka kwa mitumbwi miwili. Wanaume kwenye mtumbwi wa mkwe, sisi wanawake kwenye ule wa kanisa. Wa kanisa ukatushusha ukarudi kumchukua Zebedayo na ukoo wake, maana alisikia picha zinakwenda Ulaya akataka kurudia.

Ikombe ilikuwa tupu. Mitumbwi yote ilikuwa imekwenda sokoni na vyungu, wanaume na wanawake wenye nguvu. Mama yangu naye alikuwa sokoni, maana hakuna aliyemwambia kwamba nakuja. Waliobaki ni vikongwe na kuku.

Tangu asubuhi kiuno kilikuwa kinanivuta. Nilimwambia mama mkwe.

“Ni mtumbwi,” akasema. “Ulikaa vibaya.”

Nikajificha nyuma ya rundo la vyungu vilivyosubiri kuchomwa. Nikasikia Lameck akipanga watu.

“Kiti hapa. Mzee aketi. Mama kulia. Kijana kushoto. Mbona mzee amefunikwa shuka? Amefiwa?”

“Ni desturi,” Mwalimu Asajile akamjibu.

“Huko Ulaya watasema tumemteka nyara.”

“Utamfunua baadaye. Sasa leteni tumbo.”

Waliniita hivyo. Si Damari, si mke wa Reubeni. Leteni tumbo. Nikaja, nimeinamisha uso, nikasimama nyuma ya kiti, maji ya ziwa yakinilamba visigino. Mbele yangu palikuwa na kitu cheupe kilichokaa wima na kupumua. Huyo ndiye aliyekuwa ananikimbiza mashambani mwaka mzima. Nilisikia harufu ya sabuni ya mche kwenye koti lake.

“Mfunueni,” Lameck akasema, akaingia chini ya kitambaa chake cheusi. “Kila mtu anitazame mimi. Nikisema sasa, msitikisike. Atakayetikisika atatoka na vichwa viwili.”

Shuka likatolewa. Nikakaza macho kwenye kioo cha kamera mpaka yakatoa machozi.

“Bado,” akasema Lameck chini ya kitambaa.

Kiuno kikavuta. Nikajiuma mdomo.

“Bado kidogo. Mama, usiguse kilemba.”

Kikavuta tena. Mara hii haikuwa mtumbwi, na haikuwa kukaa vibaya. Maji ya moto yakanimwagikia miguuni, yakachanganyika na ya ziwa. Miezi saba tu! Nikapepesuka.

“Sasa!”

Mfa maji haachi kutapatapa. Nilinyoosha mkono nishike chochote. Nikashika kiti.

Kiti cha mwenyekiti kikaja nyuma, na mwenyekiti ndani yake. Akaanguka chali mchangani, koti, viatu vya Asajile na vyote, kichwa chake kikatua kati ya miguu yangu, macho yake juu.

Tukaonana.

Si kisogo wala kivuli. Macho kwa macho, na sikuweza kuyaondoa yangu, naye hakuweza kuyaondoa yake. Nilitegemea nini sijui. Nilimkuta mzee mmoja mwenye mvi kwenye nyusi, mwenye macho ya Reubeni kabisa, ameogopa kuliko mimi.

“Nzuri sana!” akasema Lameck, akatoka chini ya kitambaa. “Imetoka safi.”

* * *

Desturi inasema wakwe wakionana, mmoja akimbie. Siku zote aliyekimbia ni mimi. Siku ile sikuweza hata kusimama, basi akakimbia yeye.

Aliruka. Mzee wa kanisa, mwenyekiti, mtu wa makamo yale, aliruka kama mbuzi aliyeona chui. Akajifunika uso kwa kofia, akaupapasa mtumbwi wake, akausukuma majini, akaingia, akashika kasia.

“Baba!” Reubeni akaita. “Unakwenda wapi?”

Baba hakugeuka. Angegeuka angeniona tena.

Mama mkwe alikuwa ananijia na uso wa mkeka wangu na Ikombe. Akafika, akatazama chini, akaona mchanga ulivyolowa. Uso ukabadilika.

“Chupa imepasuka,” akasema. “Kyala wangu, Mungu wangu! Tangu lini?”

“Nilikwambia asubuhi, mama.”

Akanishika mkono kwa mara ya kwanza tangu niolewe.

“Reubeni! Mtumbwi!”

“Mtumbwi gani, mama?”

Tukatazama wote. Wa kanisa ulikuwa ng'ambo kwa Zebedayo. Ya Ikombe ilikuwa sokoni. Uliobaki ulikuwa mmoja, na ulikuwa unakwenda. Mwenyekiti wa Kamati ya Mashua ya Wagonjwa alikuwa anaondoka na chombo, amemwacha mgonjwa ufukweni, na hata leo watu wakiisimulia huniuliza kwa nini sicheki.

“Tumngojee Bibi alete injini,” nikasema. Maumivu yalinipa ulimi. “Si picha imeshatoka?”

“Nyamaza, usimalize pumzi,” mama mkwe akasema.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Injini ilikuwa Ulaya, nyoka alikuwa tumboni mwangu amejikunja. Na juu ya mlima nikaona mawingu yanaanza kukimbia. Naijua dalili hiyo tangu utoto. Ni mwera.

“Mwenyekiti!” Mwalimu Asajile akapiga kelele. “Mwenyekiti, kuna dharura!”

Kasia likaingia, likatoka.

“Baba! Damari anazaa!” Reubeni alikuwa ndani ya maji mpaka kifuani, analia waziwazi. “Baba, rudi! Ni mjukuu wako!”

Kasia likaingia, likatoka. Anayekimbia aibu hasikii mjukuu. Aliitwa baba, akaitwa mzee, akaitwa mwenyekiti, na majina yote hayo yalimsukuma mbele tu, maana ndiyo aliyokuwa anayaokoa.

“Mwite wewe, mama,” nikamwambia mama mkwe. “Mwite kwa jina.”

Akanitazama kama nimetukana. Yeye naye ni mke wa mtu. Tangu aolewe hajalitamka.

Uchungu ukaja, ukakaa, ukaondoka. Mtumbwi ulikuwa umefika karibu na jiwe jeusi lililochomoza majini, jiwe ambalo sisi wa Ikombe hatulitazami tangu mwaka juzi. Hapo ndipo wale vijana wawili walipoacha kupiga kasia, kwa sababu Milka aliacha kupiga kelele.

Nikalitazama. Mkwe wangu alikuwa mpiga kasia wa sifa enzi zake. Reubeni mwenyewe ameniambia, hakuna upepo uliowahi kumpindua baba yake. Angekuwa nyuma anaongoza na Reubeni mbele, tungefika kabla ya mwera. Nilihesabu vitu vyangu kichwani haraka haraka. Kumwona mkwe, mkeka Ikombe, mtoto akiacha kunyonya anachukuliwa. Hilo lilikuwa limekwisha kunipata. Nikilitamka jina lake mbele ya watu, sijui wangenifanya nini zaidi. Lakini mtoto wa kuchukuliwa lazima kwanza awe hai.

Nikauachia mkono wa mama mkwe, nikaingia majini mpaka magotini. Nikavuta pumzi yote niliyokuwa nayo.

Nikalitaja jina lake.

Lote. La ubatizo, la kuzaliwa na la ukoo wao. Mlima ukalichukua ukalirudisha, kwa hiyo ni kama nililitaja mara mbili. Mama mkwe akajishika kichwa. Mwalimu Asajile akaangusha shuka. Reubeni akanigeukia mdomo wazi, kana kwamba anamwona mke wa mtu mwingine.

Kasia likasimama hewani, maji yakidondoka.

Mtumbwi ukaanza kuzunguka wenyewe, hauna mwongozaji. Mkwe wangu alikaa vile, mgongo wake kwetu, muda ambao mimi niliuona mrefu kuliko miezi yangu yote saba. Kisha akaitoa ile kofia usoni, akaiweka magotini, akageuka.

“Nani ameniita?”

Hakupaza sauti sana. Juu ya maji sauti husafiri vizuri.

Lameck alikuwa hata kamera yake ameisahau. Ufukwe mzima ukanitazama mimi. Uchungu ukanishika upya, nikashindwa kusema, nikainua mkono juu kama mtoto wa shule.